Dampa ya Usukani na Masharti ya Kuiteua: Mhadhara kwa Waendeshaji na Mafundi wa Pikipiki za Kasi



Suala nililoombwa kulizungumza mbele yenu jioni hii ni suala ambalo mwenye pikipiki ya kasi hulikabili siku moja, aghalabu baada ya kupatwa na hofu barabarani: ateue dampa gani ya kufunga kwenye usukani wa chombo chake, baina ya hizi nyingi zinazouzwa, nyingine za bomba lililonyooka na nyingine za kuzunguka, nyingine za kurekebishwa kwa mkono na nyingine za kuamriwa na kompyuta, na bei zake zikapishana mno. Nami nasema tangu mwanzo, kwa kuwa ndiyo kauli ninayokusudia kuithibitisha, kwamba dampa iliyo bora ni ile inayomzuia mwendeshaji kwa uchache kabisa na bado ikaweza kuuzuia mtikisiko wa usukani. Na kwamba hakuna awezaye kuijua iliyo bora kwa chombo chake mpaka ajue kwanza ni maradhi gani anayotaka kuyatibu, maana yako maradhi ambayo dampa huyaponya, yako ambayo huyaficha, na yako ambayo huyazidisha.

Pikipiki za bodaboda tunazoziona kila kituo hazina haja ya kifaa hiki. Mwendo wake ni wa wastani, na injini yake haina nguvu ya kuliinua gurudumu la mbele kutoka ardhini mtu anapoongeza moto. Maneno yangu yanahusu vyombo vya aina nyingine, vyepesi, vifupi na vyenye nguvu nyingi, vinavyoundwa kwa mfano wa pikipiki za mashindano.

Itazameni pikipiki ya namna hiyo kwa ubavu. Mhimili wa usukani, yaani ule mstari unaopita katikati ya beringi za shingo ya fremu, haukusimama wima bali umelala kidogo kuelekea nyuma, na lau tungeurefusha hadi chini ungeigusa barabara mbele kidogo ya pale tairi linapoigusa. Masafa hayo baina ya nukta mbili, ambayo katika pikipiki za kasi huwa baina ya milimita 90 na 105 hivi, ndiyo yanayoufanya usukani ujiongoze wenyewe, kwa kuwa kila gurudumu linapopotoshwa na jiwe au na mfereji mdogo wa lami, barabara yenyewe hulisukuma lirudi katikati. Lakini nguvu ile irudishayo hurudisha kwa haraka. Gurudumu hupita katikati likaenda upande wa pili, likasukumwa tena, likapita tena. Raba ya tairi inanyumbuka, shokapu za mbele na fremu zinapinda kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, na ikiwa hapana kitu chochote kinachoimeza nguvu hiyo katika kila kwenda na kurudi, mtikisiko hukua badala ya kufa. Hutokea kwa kasi ya mara sita hadi kumi kwa kila sekunde, na mikono ya binadamu haina wepesi wa kuufuata, seuze kuushinda. Ukikomaa, usukani hupiga kutoka kikomo hadi kikomo, na mpandaji hana tena amri juu ya chombo.

Hatari hiyo imezidi kadiri waundaji walivyozidi kutafuta wepesi wa kugeuka. Yamaha R1 ilipotoka mwaka 1998 ilikuwa na nguvu za farasi 150 katika chombo chenye uzito mkavu wa kilo 177, na masafa baina ya mihimili ya magurudumu yake mawili ni milimita 1395 tu. Chombo kifupi namna hiyo kinapoongezwa mwendo, uzito wote hukimbilia nyuma, na gurudumu la mbele hubaki likiipapasa lami pasipo kuishika sawasawa. Likikutana hapo na tuta, huruka kidogo na kushuka likiwa limepinda upande, na barabara hulishika kwa ghafla. Hapo ndipo mtikisiko huzaliwa, na hapo ndipo dampa ina kazi yake halali.

Maradhi ya pili hushabihiana na haya kwa sura ya nje tu. Mara nyingine si usukani peke yake utikisikao, bali chombo kizima, fremu na mpandaji wake pamoja, huenda kushoto na kulia kwa taratibu zaidi, mara mbili hadi nne kwa sekunde, hasa katika mwendo mkubwa kabisa. Hali hiyo nitaiita myumbo. Mwaka 1971 mtaalamu wa Uingereza, Robin Sharp, alichapisha uchunguzi wa kihesabu juu ya uthabiti wa pikipiki, ambao hata leo wanafunzi wa elimu hii huanzia kwake, akazipambanua hali hizi mbili waziwazi, na akaonyesha jambo ambalo wauza dampa hawana haja ya kulitangaza: kwamba dampa ile ile inayoutuliza mtikisiko huweza, katika mwendo mkubwa, kuupa myumbo nafasi ya kukua. Sababu yake si ngumu kuifahamu. Chombo kinachoyumba hujisahihisha kwa kuligeuza gurudumu la mbele kidogo kidogo, kwa wakati wake. Nasi tukilifunga gurudumu hilo kwa oili nzito, masahihisho yanachelewa, na sahihisho lililochelewa halina tofauti na kosa. Kwa hiyo mtu anayelalamika kwamba pikipiki yake huyumba katika kilomita 200 kwa saa, akashauriwa akaze dampa, ameshauriwa vibaya. Na atazame tairi la nyuma, beringi za mkono wa nyuma unaolibeba gurudumu, na mizigo aliyoifunga kitini.

Dampa za kwanza zilikuwa za msuguano. Mtu akiitazama Brough Superior au Vincent ya zamani, ataona katikati ya usukani kitufe kikubwa cha kuzungusha kwa mkono, na chini yake sahani nyembamba zinazobanwa pamoja. Kadiri kinavyokazwa ndivyo usukani unavyokuwa mzito. Kifaa kile kilifaa hasa pikipiki zenye kigari cha ubavuni, ambazo usukani wake hutikisika hata katika mwendo mdogo, lakini kilikuwa na kasoro iliyomo katika maumbile ya msuguano wenyewe: huzuia kwa nguvu ile ile, usukani ukienda pole au ukienda kwa kasi, hata mpandaji aliyekikaza kwa ajili ya hatari moja iliyoweza kutokea alilazimika kushindana nacho katika kila kona. Oili ilikuja kuiondoa kasoro hiyo. Utieni mkono ndani ya maji na kuupitisha pole pole, maji hayatawapinga. Upigeni kwa nguvu, nayo yatawapiga. Pistoni iliyo ndani ya dampa ya oili huisukuma oili ipite katika tundu dogo kwa kanuni iyo hiyo, na hivyo mkono wa mpandaji, ambao huugeuza usukani kwa utulivu, huachiwa njia, ilhali mtikisiko wa mara nane kwa sekunde hukutana na ukuta. Pikipiki ya BMW R69S ya miaka ya 1960 ilitoka kiwandani ikiwa na dampa ya oili tayari.

Sasa nilete mfano ulio mashuhuri, kwa sababu hufundisha zaidi ya vile usimuliwavyo. Mwaka 1997 kampuni ya Suzuki ilitoa pikipiki iitwayo TL1000S, yenye injini ya ujazo wa cc 996 na silinda mbili zilizopangwa kwa umbo la V, ambayo nguvu zake zilikuja mapema na kwa wingi, kiasi cha kuliinua gurudumu la mbele mpandaji asipotarajia. Haukupita muda malalamiko yakaenea ya usukani kupigapiga wakati wa kuongeza mwendo juu ya barabara mbovu, na kampuni ikaziita pikipiki zirudi kwa mawakala zifungwe dampa. Mwaka 1998 ilipotoka TL1000R, dampa ilikuwa sehemu yake tangu mwanzo. Wengi hukomea hapo. Lakini TL1000S ilikuwa pia na mfumo wa nyuma usio wa kawaida: springi yake ilikaa mahali pamoja, na kifaa cha kuituliza springi hiyo, kilicho cha aina ya kuzunguka, kikakaa mahali pengine; na wapandaji wengi walikishutumu kwamba kikishapata joto hulegea. Nyuma ikilegea, chombo huchuchumaa mtu anapoongeza moto, na mbele huzidi kuwa nyepesi. Wamiliki wengi baadaye walikiondoa wakafunga shokapu ya kawaida, na kwa maoni yangu hao ndio walioufuata ugonjwa hadi kwenye mzizi wake, ilhali dampa ya mbele ilishughulika na dalili yake, dalili ambayo, nakiri, ingeweza kuua mtu kabla mzizi haujapatikana. Kawasaki nayo iliitoa ZX-10R mwaka 2004 bila dampa, na toleo la mwaka 2006 likaja na dampa ya Öhlins ya Uswidi.

Basi kabla ya kununua chochote chombo kipimwe, na kanuni ya kwanza ni hii: pikipiki ambayo haikutikisika ilipokuwa mpya na sasa inatikisika, haidai dampa, inadai kitu kilichochakaa kibadilishwe. Upepo wa tairi la mbele upimwe likiwa baridi. Tairi lililolika katikati likawa bapa liondolewe, hata kama linaonekana bado lina uhai. Gurudumu lipimwe kama limesawazika uzani. Springi za mbele na za nyuma zirekebishwe kwa uzito wa mpandaji mwenyewe akiwa amekaa juu yake, kwa kuwa nyuma iliyozama mno huilaza mbele na kuipunguzia mzigo.

Beringi za shingo ya usukani nitazieleza kwa urefu kidogo, maana hazionekani na kwa hiyo husahauliwa. Gurudumu la mbele liinuliwe kwa stendi inayoibeba pikipiki kwa fremu yenyewe, wala si kwa ile inayoziinua shokapu, kwa kuwa hiyo huzibana beringi na kuuficha ulegevu. Fundi achuchumae mbele ya gurudumu, azishike shokapu mbili kwa chini, azivute kwake na kuzisukuma. Akihisi mgongano, hata ukiwa mdogo vipi, beringi zimelegea. Kisha asimame, aushike usukani kwa vidole viwili, auzungushe pole pole kutoka kushoto hadi kulia huku amefumba macho. Pale katikati kabisa, gurudumu linapoelekea mbele, usukani usinase. Ukinasa, njia ya beringi imechimbika kwa kupigwa na barabara mahali pamoja miaka mingi, na chombo hicho hakiwezi kwenda sawa tena ila kwa kuhangaika baina ya kingo mbili za kijishimo. Nimewaona watu wakifunga dampa ya thamani juu ya beringi za hali hiyo, wakashangaa kwa nini pikipiki haitulii. Kadhalika mpandaji aichunguze mikono yake: anayeukamata usukani kwa viwiko vilivyokakamaa huupelekea kila mtikiso wa mwili wake mwenyewe, na magoti yake yakilishika tangi vema, mikono haina haja ya kumzuia asianguke.

Ikiwa yote hayo yamesahihishwa na hatari bado ipo, ndipo tuingie dukani.

Jambo la kwanza si jina la mtengenezaji bali ni urefu wa mwendo wa pistoni. Chukueni mfano: pikipiki ambayo usukani wake hugeuka nyuzi 30 kila upande, na dampa imeshikizwa milimita 50 kutoka katikati ya mhimili. Kutoka kikomo cha kushoto hadi cha kulia, pistoni itasafiri milimita 50 hivi. Aliyefunga dampa yenye mwendo wa milimita 45 ameigeuza dampa yake kuwa kikomo cha usukani, kazi ambayo haikuumbiwa. Siku atakapogeuza kwa nguvu akiegesha, au chombo kitakapomwangukia, fimbo itapinda au kishikizo kitavunjika, na huenda usukani ukanasa akiwa njiani. Fundi mwangalifu hufunga kipande cha uzi kwenye fimbo, huugeuza usukani hadi mwisho pande zote mbili, kisha hutazama uzi umesukumwa hadi wapi, na hakubali kazi mpaka aone nafasi iliyobaki katika kila mwisho.

Jambo la pili ni ulegevu, na hapa ndipo ninapowasihi mnisikilize kuliko mahali pengine popote. Kwa mfano ule ule, nyuzi moja ya usukani ni pungufu ya milimita moja ya mwendo wa pistoni. Mtikisiko huanza mdogo, katika nyuzi hiyo moja au chini yake, na thamani yote ya dampa ni kuukamata ungali mchanga. Basi kishikizo kikiwa na nafasi ya milimita moja, au klampu ikiwa ya bati jembamba linalopinda, usukani utatikisika kwa uhuru kamili ndani ya nafasi hiyo, na dampa itaamka baada ya mtikisiko kupata nguvu. Vivyo hivyo hewa ikiingia ndani ya oili: pistoni inapogeuza mwelekeo hupita kwanza katika hewa isiyozuia kitu. Kwa hiyo mnunuzi aishike dampa mikononi, aisukume na kuivuta kwa masafa mafupi mno, kwenda na kurudi, huku amesikiliza kwa vidole. Akihisi utupu hata kidogo mahali pa kugeukia, airudishe juu ya meza. Dampa za bandia zilizojaa sokoni, zinazoiga rangi na umbo la zile za asili, hufichuka kwa jaribio hilo, na kwa jingine la kuzungusha kitufe cha marekebisho kutoka mwanzo hadi mwisho: nyingi hazibadiliki uzito, au hubadilika ghafla katika vituo viwili vya mwisho tu.

Kuhusu aina, nitakuwa mfupi. Dampa ya bomba lililonyooka ni sahili, uvujaji wake huonekana, na fundi wa kawaida mwenye vipuri huweza kuifungua na kuibadilishia sili. Kwa pikipiki ya uwanjani mimi huitanguliza. Ya kuzunguka hukaa juu ya kichwa cha usukani, imejificha vizuri na haina fimbo ya kupindika. Zipo kama zile za Scotts ya Marekani, zilizotengenezwa na Öhlins, zinazouzuia usukani unapotoka katikati na kuuachia unaporudi. Na zipo kama za GPR, zinazozuia pande zote sawasawa. Anayepanda jangwani na mashambani atafaidika sana na zile za kwanza. Juu ya lami tofauti ni ndogo kuliko inavyonadiwa. Aina ya tatu ni ile ambayo Honda iliifunga kwenye CBR1000RR ya mwaka 2004, baada ya kuitumia katika pikipiki yake ya mashindano RC211V: kompyuta husoma mwendo wa chombo na jinsi unavyoongezeka, ikafungua au kuibana njia ya oili, hata usukani ukawa mwepesi mjini na mzito pale tu mwendo unapotaka. Aliye nayo na ikawa nzima, asiibadilishe kwa ajili ya urembo wa rangi ya dhahabu. Kwa mpandaji wa barabara za umma sioni kilicho bora zaidi.

Mahali pa kupanda napo pana hukumu yake. Katika mbio za TT za Isle of Man, zilizoanzishwa mwaka 1907, njia ya milimani ina urefu wa maili 37.73, nayo ni barabara ya kawaida inayopita baina ya nyumba na kuta za mawe, yenye daraja la Ballaugh ambapo magurudumu huiacha ardhi, na mstari mnyofu wa Sulby wenye mabonde madogo yanayolichezesha gurudumu la mbele katika mwendo mkubwa mno. Hapo dampa si pambo. Lakini hata hapo mpandaji akiikaza mno ataichosha mikono yake kabla ya kuumaliza mzunguko, naye ana mizunguko kadhaa mbele yake. Katika uwanja wa lami laini uzito mdogo hutosha. Na katika foleni za mjini, mwenye dampa iliyokazwa huona chombo kikikataa kusimama sawa katika mwendo wa kutambaa, kikielemea huku na huku, kwa kuwa usukani hauna uhuru wa kujisawazisha.

Kwa sababu hiyo marekebisho yaanzie katika wepesi kabisa. Kitufe kifunguliwe chote, mpandaji aende katika njia anayoijua, mahali penye usalama, kisha akaze kituo kimoja au viwili kwa wakati, akiandika hesabu yake, na aishie pale usukani unapotulia, asiongeze hata kituo kimoja kwa kutafuta moyo wa ziada. Akifika nusu ya vituo vyote na bado hapana utulivu, asiendelee kukaza. Arudi kwenye beringi, tairi na springi, maana kuna kitu alichokipita.

Yamebaki maneno juu ya dampa zilizotumika, ambazo wengi wetu ndizo tunazoziweza. Fimbo yake iviringishwe juu ya kioo kilicho bapa, na ikionyesha mwanga chini yake mahali popote, imepinda, hata kama oili haijavuja. Viungo vya mwisho vitikiswe kwa vidole. Muuzaji aulizwe imetoka katika pikipiki gani, mwendo wake ni milimita ngapi, na kama chombo kile kiliwahi kuanguka. Akisita katika swali hili la mwisho, bei yake na ihesabiwe pamoja na gharama ya sili mpya, oili mpya na nusu siku ya fundi.